Mistari Minane Niliyoifuta

Mpaka leo, mtu akisema "kwa wastani" mbele yangu, shingo inaniwaka moto. Si kawaida yangu. Mimi ni mtu wa kuomba radhi nikikanyagwa mguu. Shuleni mwalimu aliwahi kuruka jina langu kwenye orodha muhula mzima, na mimi sikumkumbusha. Lakini kwa siku zile kumi na saba nililala na hasira, nikaamka nayo, nikaenda nayo kazini kama mkoba.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kiwanda cha ngozi kilitaka kuchimba bwawa la majitaka juu ya kilima, kwenye uwanja mpana usio na nyumba. Chini ya kilima, mita mia nne kutoka pale, kuna mtaa wenye visima, na kimojawapo ni cha mama mdogo wangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Kabla ya kumwaga hata ndoo moja, kiwanda kilitakiwa kuonyesha kwamba maji yale yakipenya ardhini hayatafika visimani mapema. Kikamwajiri Profesa, na Profesa akaniajiri mimi, kwa sababu tasnifu yangu ilihusu jambo hilohilo na yeye ndiye aliyeisimamia.

Jambo lenyewe nitalisema kwa lugha ya nyumbani. Udongo si kitu kimoja. Hapa kuna mfinyanzi unaobana maji kama ngumi. Hatua mbili mbele kuna mchanga unaoyaachia yapite. Ukitaka kujua maji yatakwenda wapi, mlinganyo unakudai namba ya kila nukta ya ardhi, na hakuna anayezijua namba hizo. Kwa hiyo tunazichukulia kama zimetawanywa kwa bahati nasibu, kama mtu amerusha kete uwanja mzima. Nadharia inasema jambo zuri sana: madoa hayo yakiwa madogo mno kuliko uwanja, na mchanganyiko wake ukiwa wa namna ileile kila upande, basi ukitazama kwa mbali udongo wote unaenenda kama udongo mmoja wenye namba moja tu. Namba hiyo si wastani wa darasani. Iko chini ya wastani huo, na kuitafuta kuna kazi. Profesa aliiita namba kaimu, kwa kuwa inakaa kwenye kiti cha wengine wote na kutia saini kwa niaba yao. Nilitumia miaka mitatu na kurasa mia moja na kumi na nane kuitafuta. Niliipenda. Ndiyo maana iliponigeuka iliniuma vile.

Kwa bwawa lile, namba kaimu ilitoa jibu: miaka arobaini na mmoja. Ripoti ikafungwa, jina la Profesa kwanza, langu la pili.

Fundi aliyetoboa mashimo ya sampuli sote tulimwita Keekee, kwa jina la kifaa cha kutobolea. Jumatatu moja alikuja ofisini kuchukua bomba alilolisahau nyuma ya mlango, akasimama mbele ya ramani iliyobandikwa ukutani.

"Bi. Wastani," akasema, maana hilo ndilo jina alilonipa, "mashimo yangu mmeyala?"

"Mashimo gani, Fundi?"

"Nilitoboa sabini. Mgongo huu ndio shahidi. Hapa nahesabu vitone sitini na viwili."

"Manane hayakuwa na sampuli. Maabara waliandika hakuna."

Akaanza kucheka, kisha akaacha. "Hakuna kwenye bomba, dada. Chini kuna mchanga na changarawe, umelegea kama sukari. Nikivuta bomba, wote unadondoka, linakuja tupu. Na maji niliyokuwa namimina kupoza mashine, ardhi iliyanywa yote. Nikasema hapa chini kuna mtu ametoka safari na kiu."

Akatoa daftari lake lenye alama za vidole vya grisi. Namba ya shimo, kina, na mara nane, kwa herufi kubwa: TUPU. MAJI YAMEPOTEA.

Nilijua mistari hiyo ilikwenda wapi. Programu ya hesabu haipokei nafasi tupu. Ilinigomea mara tatu, nikaichagua ile mistari minane, nikabonyeza kufuta, nikaenda kunywa chai. Dakika moja haikufika.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kuyarudisha mashimo kwenye ramani, Keekee akinisomea. Namba tatu, juu kabisa, palipopangwa kuchimbwa bwawa. Namba kumi na moja, chini yake. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Nilipofika la nane nikarudi nyuma hatua moja nitazame. Hayakuwa yametawanyika. Yalikuwa yamejipanga kama watu kwenye foleni, kutoka bwawani hadi kwenye uzio wa mama mdogo.

"Huo ni mshipa," Keekee akasema taratibu.

Tulikuwa tumepima udongo ule tu uliokubali kushikwa. Ule ulioponyoka tuliuandika kwamba haupo.

*

Profesa alikuwa na tabia ya kuchonga penseli kwa wembe akizungumza na mtu. Alizichonga vizuri sana, na maganda aliyakusanya kwenye sahani ya kikombe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Mashimo manane kati ya sabini. Ukiyaingiza, namba kaimu itasogea kidogo tu."

"Mwalimu, hakutakuwa na namba kaimu. Mshipa una urefu wa uwanja wenyewe. Sharti la kwanza ni madoa yawe madogo kuliko uwanja, na hili si doa, ni mfereji. Tumeliandika sharti hilo ukurasa wa saba."

"Ukurasa wa saba wa nini?"

"Wa ripoti."

Akaipuliza ncha ya penseli. "Ule niliuondoa. Wateja hawasomi masharti, wanachanganyikiwa tu."

Nakala ilikuwa mezani. Nikaifungua. Ukurasa wa saba sasa ulikuwa na picha ya bwawa, maji ya bluu, na ndege wawili wakiruka juu yake. Ndege!

"Muhuri wa ofisi ya maji unapigwa Alhamisi, siku kumi na saba kutoka leo," akasema. "Kiwanda kimeshaleta mashine. Nikienda sasa kuwaambia tulikosea, nani atatupa kazi tena? Wewe bado mdogo, una jina la kujenga. Umekasirika, naona. Lakini hesabu haina hasira."

Nilikuwa na maneno. Yalijaa mdomoni hadi nikayasikia ladha yake. Nilitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyenifundisha, mwaka wa kwanza, kwamba nadharia bila masharti yake ni uvumi. Nilitaka kuichukua ile sahani ya maganda niimwage juu ya wale ndege.

"Sawa, Mwalimu," nikasema, nikatoka, nikaufunga mlango polepole usije ukampigia kelele.

Huo mlango niliufunga vibaya. Nimeufunga kwa kishindo mara mia tangu siku hiyo, kichwani.

*

Mama mdogo, ambaye bado nakaa kwake, hufua mashuka ya hospitali. Uani kwake kuna kamba tisa, mapipa manne ya bluu, na pampu inayovuta maji kisimani kwa kelele kama mzee anayekohoa. Nilimkuta akikamua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umenuna kama umemeza wembe? Shika ncha hiyo."

Nikashika ncha. Yeye akazungusha kulia, mimi kushoto, shuka likageuka kamba nene na maji yakamwagika miguuni petu.

"Nimesikia mtaani wanataka kupinga bwawa," nikasema.

"Walitaka. Waliandika na barua, wameisaini nyumba ishirini na mbili. Nikawaambia irudisheni barua yenu, mtoto wangu ndiye aliyepiga hesabu. Miaka arobaini na mmoja! Wakati huo mimi nitakuwa nafuliwa, si nafua." Akacheka kwa kichwa chote. "Wakairudisha. Jirani wa kona akabisha kidogo, nikamuuliza, wewe umesoma wapi? Akaenda zake."

Maji ya shuka yakaendelea kudondoka.

"Mama..."

"Nini?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

Hapo ndipo hasira iliponihama kutoka kwa Profesa ikanirudia mwenyewe. Watu wa nyumba ishirini na mbili walikuwa na barua yao, na mdomo wangu uliofungwa ndio uliowanyang'anya.

*

Njia ya kuonyesha mshipa ilitoka kwa Keekee. Mafundi wa maji wana rangi ya unga, isiyo na madhara, wanayomwaga kwenye mabomba kutafuta yanapovuja. Ikilowa inakuwa kijani cha njano, kali, hata kidogo tu unakiona. Jumamosi asubuhi tulipanda kilimani. Shimo namba tatu lilikuwa bado wazi, na paipu yake. Tukamimina kilo moja, tukasukumia maji mapipa sita.

Nilikuwa nimepiga hesabu upya usiku wote wa Ijumaa, safari hii nikiwa na mshipa. Kufika visimani: miezi minne, kwa haraka sana. Kufika shimo namba kumi na moja, mita thelathini chini: siku tisa. Hiyo ilitutosha. Tungechota chupa ya kijani kwenye shimo hilo siku ya tisa, na siku ya kumi na mbili, siku ya muhuri, ningeiweka mezani mbele ya mkaguzi wa ofisi ya maji. Sikumwambia mama mdogo. Miezi minne ni mingi, nilijiambia. Nimtie hofu ya nini? Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Siku ya saba tukashusha chupa. Maji meupe. Siku ya nane, meupe. Siku ya tisa nililala kifudifudi kwenye nyasi, sikio karibu na paipu, kana kwamba ningeisikia rangi ikija. Keekee akaivuta chupa, akaiinua juani, akaigeuzageuza.

"Hii ungemnywesha bibi harusi," akasema.

Siku ya kumi hivyohivyo. Keekee akakunja kamba yake bila utani. Nikaanza kufikiri kwamba labda Profesa alikuwa sahihi, labda mashimo manane yalijipanga kwa bahati tu, kete nazo huwa zinafanya hivyo. Wazo hilo lilinipa nafuu, na nafuu hiyo ikanitia aibu.

Jumatano, siku ya kumi na moja, nilirudi nyumbani saa saba mchana, nikasikia sauti ya mama mdogo tangu kwenye kona.

"Nani? Nani huyo? Ajitokeze!"

Uani, kwenye kamba zote tisa, mashuka yalikuwa yametundikwa. Yote yalikuwa na rangi ya jani changa. Si madoa, shuka zima, pindo hadi pindo, mashuka hamsini na kitu, yakipepea juani. Ndani ya mapipa ya bluu, chini ya povu, rangi haikuonekana. Ilijionyesha ilipokutana na kitu cheupe.

"Sabuni ileile!" alikuwa anamwambia jirani wa kona, aliyekuja kutazama huku amekunja mikono. "Maji yaleyale! Kuna mtu amenimwagia kitu kisimani, na nikimjua, atayafua haya yote kwa meno!"

Nilisimama pale nikielewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, mshipa upo. La pili, rangi ilipita shimo namba kumi na moja siku ya kwanza tu, ikatuacha tukipiga hesabu. Mimi ndiye niliyejidai kukasirikia namba za Profesa, na bado niliiamini yangu kuliko ardhi. Laiti ningeshusha chupa jioni ileile ya Jumamosi.

"Ni mimi, Mama."

Jirani wa kona akakunjua mikono yake.

"Wewe nini?"

"Niliimwaga mimi. Si kisimani. Kule juu, bwawa litakapokuwa. Haina madhara, inatoka ukisuuza, nilidhani miezi minne..."

"Sijakuuliza kama ina madhara." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilikuwa afadhali ilivyokuwa juu. "Kule juu?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Siku kumi na moja zilizopita."

Akatazama kilima. Akatazama kisima. Mama mdogo aliacha shule darasa la tano, lakini hesabu hiyo hakuhitaji msaada wa mtu.

"Na ile miaka arobaini na mmoja?"

"Si kweli. Nimejua tangu wiki mbili zilizopita."

Alivuta shuka lililokuwa karibu naye, akanitupia kifuani, bado lina unyevu. "Wiki mbili unakula chakula changu, unakamua na mimi, na unajua. Nimewafunga watu midomo mtaa mzima kwa ajili yako! Kesho kikao saa ngapi?"

"Saa nne."

"Lilinde shuka hilo lisikauke."

*

Chumba cha mikutano cha ofisi ya maji kina meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki na feni moja inayozunguka kama inafikiria. Mkaguzi wa maji alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani yake imening'inia kwa uzi. Muhuri ulikuwa mbele yake, na kidau cha wino kimeshafunguliwa. Meneja wa kiwanda alikaa kulia. Profesa alisimama na penseli yake. Mimi nilikaa mwisho wa meza. Keekee na mama mdogo walikaa karibu na mlango, beseni lililofunikwa miguuni.

"Kwa wastani," Profesa alikuwa akisema, "ardhi hii inaenenda kama udongo mmoja mzito. Maji yatachukua miaka arobaini na mmoja..."

"Samahani, mama mkaguzi," mama mdogo akasema, akiinuka. "Naomba kuweka kitu mezani."

"Wewe ni nani, mama?"

"Mfuaji. Kimoja cha visima vya chini ya kilima ni changu."

Akalikunjua shuka juu ya kitambaa cha plastiki, juu ya ripoti, juu ya simu ya meneja. Chumba kizima kikapata rangi.

"Mama, hii ni ofisi, si kamba ya nguo," meneja akasema, akiivuta simu yake.

"Ningekuwa na kamba ndefu ya kutosha, ningeyatundika yote humu."

Keekee akasogea na daftari lake, akaeleza: rangi ilimwagwa wapi, siku gani, kilo ngapi. Mkaguzi akavaa miwani, akalishika shuka kwa vidole viwili.

"Siku kumi na moja?"

"Kumi na moja," Keekee akasema.

Profesa akatabasamu, lile tabasamu lake la darasani. "Inavutia. Lakini ni kisima kimoja. Kwa lugha ya takwimu, hilo ni tukio la pembeni. Huwa tunaliondoa."

"Pembeni wapi?" mama mdogo akauliza. "Mimi nakaa katikati ya mtaa."

"Hapana," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Feni ilinizidi. Nikasimama, na kiti kikaanguka nyuma yangu, na safari hii sikukiomba radhi.

"Hapana! Hamliondoi. Tulishaondoa mara moja, niliondoa mimi. Mashimo manane yalitoka tupu, nikafuta mistari yake kwa sababu programu haikuitaka. Ndimo maji yanamopita! Namba moja inaweza kusimama badala ya udongo wote ikiwa tu tofauti za udongo ni ndogo kuliko uwanja. Hapa kuna mshipa wa changarawe kutoka bwawani hadi kisimani. Ukiwa na mfereji shambani, huwezi kuugawa ukausambaza shamba zima kwenye karatasi, halafu ukasema hakuna mfereji. Sharti hilo lilikuwa ukurasa wa saba."

Sauti ilikuwa inapasuka na machozi yananitoka, na nilichukia kwamba yananitoka, kwa sababu niliona meneja anafikiri ninalia. Sikuwa nalia. Ilikuwa ni hasira isiyojua njia nyingine.

Mkaguzi alilisogeza shuka, akafungua ukurasa wa saba. Akawatazama wale ndege kwa muda mrefu.

"Mistari ulifuta wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Na ukurasa huu?"

Nikamtazama Profesa. Alikuwa akitazama ncha ya penseli yake.

"Huo sikuuondoa mimi," nikasema.

Mkaguzi akafunika kidau cha wino. Kilifanya mlio mdogo, tap.

"Ripoti irudi," mkaguzi akasema. "Bwawa halichimbwi pale. Kama mnabisha, toboeni mashimo mapya kwenye mstari huo, mtu wangu akiwa amesimama hapo. Na wewe, binti, nitakuandikia barua ya onyo. Rangi haimwagwi ardhini bila kibali."

"Sawa," nikasema. Hiyo ilikuwa sawa ya kweli.

*

Profesa alinifuata kwenye korido. Nilitegemea atanigombeza. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Mwanangu, umeona? Mita mia nne kwa siku kumi na moja! Namba kaimu inavunjika mbele ya macho, na ushahidi wa rangi! Hiyo ni makala, tena kubwa. Tutaiandika pamoja. Jina lako la kwanza, langu la pili."

Alikuwa na furaha ya kweli, kama siku aliponifundisha nadharia ile kwa mara ya kwanza na chaki ikamvunjikia mkononi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko ndege.

"Ondoa jina langu, Mwalimu."

"Kwenye makala?"

"Kwenye vyote. Anza na ripoti."

"Bado una hasira."

"Ndiyo," nikasema. "Nina hasira."

Nikamwacha pale na penseli yake.

Hospitali walitaka mashuka yao Jumamosi. Maji ya kisima yalikuwa bado yana rangi, ingekaa wiki moja zaidi, kwa hiyo tuliyabeba maji ya bomba kutoka kwa jirani wa kona, ndoo kwa ndoo, na jirani alihesabu kila ndoo kwa macho na hakuacha kutabasamu. Keekee alikuja kusaidia, mama mdogo akamfukuza.

Mama mdogo hakusema na mimi njia nzima ya kurudi kutoka kikaoni, wala tulipowasha jiko la maji, wala shuka la kwanza, la kumi, la ishirini. Tulisimama kila mtu na ncha yake, yeye kulia, mimi kushoto. Vidole vilikuwa vimeniparuka kwa sabuni. Shuka la thelathini na moja nililiinua juani nikaona limekuwa jeupe, jeupe kabisa, nikamwonyesha.

Akalisogelea. Akalivuta pindo, pale kwenye mshono ambapo kitambaa ni cha mikunjo miwili, akalifunua kwa kucha. Ndani kulikuwa na uzi mmoja wa kijani.

"Suuza tena," akasema.